Mikono Ndani ya Vigae

9 Februari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu ulioteguka siku ya mazishi ya baba umepona. Mimi ni mzima. Huku kwangu ni salama, isipokuwa bomba la jikoni linavuja na sijapata namna ya kumwambia mwenye nyumba, kwa hiyo nimeweka sufuria.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili nilifungua sanduku la bati la baba. Ndani sana, chini ya vyeti na suruali zake za kazi, nilikuta mkanda wa video, mmoja wa ile minene ya zamani. Pembeni umebandikwa karatasi yenye mwandiko wake: “Kwa mdogo wake.” Marehemu mama hakuwa na mdogo mwingine ila wewe. Kwa hiyo mkanda ni wako, na umekaa sandukuni miaka kumi na tisa. Baba hakuwahi kuutaja.

Unajua kazi yangu katika kitengo cha kumbukumbu cha halmashauri: kuhamisha mikanda ya vikao vya zamani kwenda kwenye diski kabla haijaoza. Mashine za kuchezea mikanda hii zimekuwa adimu, lakini sisi tunazo. Niliuweka wakati wa chakula cha mchana, sekunde chache tu, nihakikishe. Ni mama. Amekaa kwenye kiti cha mbao, ukuta mweupe nyuma yake, anatazama kamera na kuzungumza kwa mikono. Nikazima haraka kwa sababu nilisikia viatu vya Mkuu wa kitengo.

Nitauhamishia kwenye diski nikutumie, kwa kuwa deki ya diski unayo.

Ni mimi mwanao.


27 Februari

Mwanangu Kinyonga,

Marahaba. Mguu umepona, ila sasa unajua mvua inakuja kabla ya redio kutangaza. Wateja wamekuwa wakorofi. Juzi mmoja kanirudishia sketi, eti upindo umepanda mlima upande mmoja. Nikamwambia labda yeye ndiye anayetembea kiupandeupande. Mwambie mwenye nyumba kuhusu bomba, wewe kinyonga wa hatua moja kwa siku. Hakuli.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Miaka kumi na tisa! Huyo baba yako, Mungu ampumzishe, nitamuuliza siku tukikutana, na aanze kuandaa majibu.

Ulikuwa na miaka sita mama yako alipokufa, sijui unakumbuka nini. Dada yangu aliacha kusikia akiwa na miaka miwili. Mimi nilizaliwa nikamkuta hivyo, kwa hiyo nilijua mikono kabla ya mdomo. Wazee walisema niliomba maji kwa vidole kabla sijaweza kutamka neno lolote. Ndiyo maana mpaka leo simu siipendi. Nitaongeaje na mtu nisiyemwona? Karatasi angalau naiona.

Tuma hiyo diski. Usisubiri msafiri, usisubiri likizo. Tuma haraka. Sina sababu, tuma tu.

Tuliachana vibaya, mimi na yeye. Hilo tuliache hapohapo.

Mama yako mdogo.


15 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, sufuria nayo ni nzima. Kazini wametuletea viti vipya vya magurudumu, na mimi nimebaki na kile cha zamani kwa sababu wakati wa kugawana nilikuwa stoo.

Diski iko ndani ya bahasha hii, nimeizungushia kitambaa. Mkanda una saa mbili kasoro dakika chache. Kompyuta kwanza huumeza mkanda mzima kama ulivyo, ukawa faili kubwa ajabu, kisha hulibana faili hilo mpaka lienee kwenye diski. Kwenye mashine yetu kumebandikwa karatasi: USIBADILI MIPANGILIO. Mipangilio iliyopo ni ya vikao, saa nne kwa diski moja. Nimetumia hiyohiyo.

Uso wa mama umetoka vizuri sana. Nilishtuka, kumbe pua yangu ni yake. Sehemu nyingine picha imevunjika vigae kidogo, hasa chini chini, lakini si neno.

Ni mimi mwanao.


11 Aprili

Mwanangu Kinyonga,

Marahaba. Mimi sijambo. Jirani yangu wa chumba cha pili, yule muuza mitumba, alikuja kunisaidia kuunganisha waya za deki, akakaa mpaka chai ikaisha.

Diski imefika salama. Nimemwona dada. Nililia kidogo, kisha nikapangusa macho nikasogea karibu ili nimsome. Sasa niambie, mwanangu: mikono iko wapi?

Kila anapoiinua kutaka kusema, inageuka vigae kama sakafu ya bafu. Akiishusha magotini imenyamaza, ndipo vidole vinarudi, vizuri kabisa, hata kucha nahesabu. Yaani umeniletea mtu aliyezibwa mdomo, halafu unanisifia pua yake. “Chini chini,” unasema. Huko chini chini ndiko aliko mama yako.

Sijakasirika. Nimekasirika. Lakini najua hukufanya kusudi, wewe huwezi kufanya kitu kusudi. Irudie upesi.

Mama yako mdogo.


22 Aprili

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kabla ya salamu nyingine yoyote.

Nimesoma kitabu cha maelekezo cha mashine, kurasa mia mbili, na sasa naelewa nilichokifanya. Kompyuta inapobana video haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi moja, kisha kwa zinazofuata inaandika tu kilichobadilika, kiraba kwa kiraba, yaani vipande vidogo vya mraba. Ukuta haubadiliki, kwa hiyo haugharimu nafasi. Uso uliotulia unahitaji kidogo. Lakini mikono inayokwenda upesi inabadilika yote kila mara, na kila sekunde imepimiwa nafasi yake. Nafasi ikiisha, kompyuta inapaka kiraba kizima rangi moja na kusonga mbele. Mipangilio ya saa nne ilitengenezwa kwa ajili ya madiwani, ambao kwa kawaida hawatikisiki.

Isitoshe, mkanda wa zamani una chenga, zile nukta zinazorukaruka. Kompyuta haijui kwamba chenga si kitu. Inadhani ni mwendo, inazipa nafasi ambayo ingekwenda kwa vidole.

Dawa zipo. Kupunguza chenga kwanza. Kuweka muda mfupi kwenye diski. Na kuiacha kompyuta ipitie video mara mbili, mara ya kwanza itazame mwendo uko wapi, mara ya pili ndipo igawe nafasi. Nimejaribu hiyo ya chenga, na diski ya pili ni hii. Nyingine nitajaribu baadaye, kuna ugumu fulani wa kikazi.

Ni mimi mwanao.


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, usidhani nimekununia. Nilikwenda hospitali kwa jambo dogo, na foleni ya huko unaijua. Siku hizi nashona mapazia tu. Mapazia hayana kiuno wala kwapa, unakwenda moja kwa moja mpaka ukutane na ukuta.

Diski ya pili nimeiona. Umesafisha chenga, umesafisha na vidole. Dada sasa amevaa soksi mikononi. Anapunga, anapunga, kama mtu anayeaga gari lililokwisha kuondoka.

Nataka nikwambie kitu, ujue kwa nini nakusumbua. Alipougua aliniomba jambo, akiwa amekaa kwenye kiti hichohicho cha mbao. Nikamjibu siwezi. Nilikuwa nimefungua duka langu la kushona, nikiwa na cherehani mbili na kiburi cha cherehani kumi. Nikaondoka, na sikurudi mpaka alipozikwa. Jambo gani, hilo siandiki. Lakini uso haunisaidii, mwanangu. Uso wake ulikuwa mpole hata akikutukana. Nataka kujua alikufa akiwa na neno gani juu yangu.

Na wewe kuna kitu husemi. “Ugumu fulani wa kikazi” ni mdudu gani? Tena umegundua kwamba barua zako hazina hata swali moja? Hata hali yangu huiulizi, unaitumaini tu.

Mama yako mdogo.


19 Juni

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sitazunguka, nikizunguka nitarudi nilikotoka.

Faili kubwa halipo. Kuna karatasi ya pili kwenye mashine, inayosema mafaili makubwa yafutwe kila siku kabla ya saa kumi. Siku ile ya diski ya kwanza, saa tisa na nusu, Mkuu alisimama nyuma yangu. Niliona ameshaiona video ya mama na kwamba kazi imeota mbawa. Nikalifuta, hata kabla hajafungua mdomo. Alikuwa anatafuta stepla.

Kwa hiyo diski ya pili niliitengeneza kutoka ile ya kwanza, na kilichokwisha kuwa vigae hakirudi kuwa vidole. Nilijua hivyo wakati naituma.

Umebaki mkanda wenyewe. Nimempelekea fundi mitambo wetu, tunayemwita Skrubu. Akaufungua kifuniko, akaunusa.

“Nani alikuwa anauhifadhi huu, mchuuzi wa samaki?”

“Baba yangu.”

“Pole basi. Umeota ukungu, na hii rangi ya kahawia unayoiona inabanduka, ndiyo picha yenyewe hiyo. Kila ukipita kwenye mashine unajikwangua. Ulishaupitisha?”

Nikamwambia mara moja, wote.

“Kumbe wewe ndiye uliyeumaliza. Utapita mara moja nyingine, labda, tena si kwenye hiyo mashine yako ya vikao. Omba ile kubwa ya chumba cha Mkuu.”

Sijaomba. Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza nilijifanya nimekuja kumwagilia ua. Mara ya pili ua lilikuwa bado limelowa.

Naona mwandiko wako umekuwa mkubwa, na mistari inateremka upande wa kulia. Sisemi kitu.

Ni mimi mwanao.


8 Julai

Mwanangu Kinyonga,

Umeona mwenyewe, basi niseme. Jicho la kushoto lilikwisha tangu mwaka jana. La kulia naona kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari anasema ni presha ya macho. Kilichoharibika hakirudi, ni kama vigae vyako. Barua hii naiandika kwa siku mbili, nimeweka rula chini ya mstari.

Ilipofika diski ya kwanza, ningeweza bado kuisoma mikono kama ingekuwepo. Sikukwambia kwa sababu ungeogopa, na wewe ukiogopa unakosea. Kumbe ulikuwa unaogopa tayari bila msaada wangu.

Sikulaumu. Sentensi hiyo nimeiandika mara mbili, ya kwanza niliikata.

Nenda kwa Mkuu wako. Magoti yatatetemeka. Yaache yatetemeke, hayaongei.

Mama yako mdogo.


25 Julai

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za posta, nikakaa hapohapo watu wakawa wananipita.

Kesho yake niliingia kwa Mkuu. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikamsomea mpaka mwisho, pamoja na tarehe. Alivua miwani.

“Hiyo karatasi ya mipangilio niliibandika mimi,” akasema, “kwa ajili ya yule aliyekutangulia, aliyewageuza madiwani wote wakawa kijani. Haikuwa yako.”

“Na ile ya saa kumi,” nikasema.

“Kompyuta hujaa, ndiyo maana. Ungeniambia una faili la mama yako ningekupa pa kuliweka. Miaka miwili uko hapa, hujawahi kuniuliza hata choo kiko wapi. Ulikipataje?”

“Nilimfuata mtu.”

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinipa funguo za mashine kubwa, akatoka, akafunga mlango ili nisione haya.

Skrubu alikuja. Alisafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti, akauzungusha mkanda kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Ukaanza. Picha ilikuwa safi. Tukamtazama mama anasema. Ilipofika dakika ya kumi na moja mashine ililia, picha ikajaa chenga tupu. Skrubu akazima. Alipoutoa mkanda, vumbi la kahawia lilimwagika mezani. Akaanza kulikusanya kwa kiganja, kisha akaona halina kazi, akaacha.

Kwa hiyo tunazo dakika kumi na moja. Faili lake kubwa lipo sehemu tatu, Mkuu ameandika mwenyewe LISIFUTWE. Safari hii nimezipa dakika hizo diski nzima, nafasi yote iliyopaswa kugawiwa saa nne. Nimeiacha kompyuta ipite mara mbili. Chenga nimezigusa kidogo tu, zilizobaki nimeziacha, ili vidole visiungane. Hakuna kigae hata kimoja, mama mdogo. Naona mpaka kovu la kidole gumba.

Lakini siwezi kuzisoma. Hilo nalo sikukwambia. Nilipopelekwa shule ya bweni watoto walinicheka kwa kuongea kwa mikono, nikawa naikalia darasani. Nimeikalia mpaka imesahau. Nimezitazama dakika hizi mara nyingi sana, na ni kama barua yenye mwandiko mzuri wa lugha ya watu wengine.

Nakutumia diski. Najua natuma nini, na kwa nani, na kwa wakati gani. Nisamehe.

Ni mimi mwanao.


14 Agosti

Kijana, habari za huko. Naandika mimi, muuza mitumba wa chumba cha pili. Mama yako mdogo anasema nisiongeze neno lolote la kwangu. Sijaongeza.

Anasema hivi:

Mwanangu, marahaba. Diski imefika. Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo cha televisheni. Naona mwanga unacheza, basi. Huyu jirani akawa ananitangazia kama mpira wa redioni: “Sasa kainua wa kulia, sasa anafanya kama anapepeta.” Nikamwambia anyamaze, dada yangu hakuwahi kupepeta kitu. (Mimi nasema alikuwa anapepeta.)

Cherehani nimeiuza. Chumba chake cha nyuma kiko wazi, kimebaki na alama nne za miguu yake sakafuni, nazigusa kwa kidole nikipita.

Sasa sikiliza. Tulipokuwa watoto tulilala kitanda kimoja, na taa ikizimwa hatukuacha kuongea. Nilishika mikono yake gizani, nikamsoma kwa viganja vyangu. Tulikuwa tunawasengenya wazazi wakiwa chumba hichohicho. Viganja vyangu havijaugua, mwanangu.

Njoo. Utakaa kwenye kiti, utazame diski, na mikono yako ifanye kila kinachofanywa na mikono yake, kidole kwa kidole. Huhitaji kuelewa. Iga tu, mimi nitaishika. Ndiyo maana nakwambia kazi yako haikuharibika: kigae usingeweza kukiiga, kovu la kidole gumba unaweza.

Omba likizo. Kwa mdomo, siyo kwa karatasi.

(Mwisho wa maneno yake. Sasa la kwangu: njoo mapema. Hali chakula vizuri, na hujifanya anakuona.)


9 Septemba

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi salama huku kwangu kutoka kwako. Jirani, wewe unayemsomea, tafadhali soma taratibu na usiruke kitu, hata kikikuhusu.

Bomba la jikoni limetengenezwa. Nilimwambia mwenye nyumba, akaleta fundi siku hiyohiyo, akashangaa kuikuta sufuria imeota kutu.

Nataka yale tuliyoyapata kwako yawe yameandikwa mahali, kwa kuwa mkanda haupo tena na viganja vyako ni viwili tu.

Siku ya kwanza hatukupata kitu. Ulikuwa unanirekebisha: “Legeza kifundo, dada hakuwa ubao.” Siku ya pili niliweza kumfuata kwa vipande vya sekunde kumi, nasimamisha, narudisha, naiga. Ulikaa mbele yangu, mikono yako juu ya yangu, macho umeyafumba ingawa hayana tena cha kufumbiwa. Siku ya tatu ukaanza kusema kwa sauti. Nilisikia maneno ya mama yakitoka kwenye mdomo wako, yamepita kwenye vidole vyangu, nami sikuwa nimejua nimebeba nini mpaka uliposema.

Haya ndiyo aliyosema:

“Anaogopa radi, lakini usimwonyeshe kwamba umejua. Akiwa na njaa hasemi, anapangapanga vijiko. Viatu mnunulie vikubwa, miguu ni ya baba yake. Akilala uache mlango wazi kidogo, upana wa kiganja. Akikohoa usiogope, ni kifua cha kwetu. Haulizi kitu. Usisubiri aulize, utasubiri sana.”

Na mengine ya namna hiyo, dakika baada ya dakika. Ulikuwa umeketi pale ukingoja lawama. Nilisikia vidole vyako vikiingoja. Haikuja. Jambo alilokuomba, ambalo hukutaka kuliandika, ukaniambia hapo kwa mdomo: alikuomba unichukue unilee. Na katika dakika zote hizo hakutaja hata mara moja kwamba ulikataa. Alikuwa anakuelekeza namna ya kuishi na mimi, kana kwamba ulishakubali na kilichobaki ni mambo ya viatu.

Hapo uliibana mikono yangu mpaka ikauma. Ukasema, “Ungefika ule mkanda ningekuja siku ileile. Baba yako alisoma mikono vizuri, alijua ningekuja.” Kisha ukasema tusimseme, hayupo kujitetea. Sitamsema. Lakini kwenye sanduku lake, chini ya mahali mkanda ulipokuwa, nimekuta jozi nne za viatu vyangu vya utotoni, vyote vikubwa kupita umri wangu wa wakati ule. Inaonekana aliufuata mkanda uliokuwa wako.

Dakika ya kumi na moja mama aliinua mikono yote miwili mbele ya kifua, vidole vimefunguka. Mkanda ukaishia hapo. Nilibaki nimeinua ya kwangu vilevile.

“Endelea,” ukasema.

“Imeisha.”

“Hapana. Huo ni mwanzo wa neno. Endelea.”

Sikuwa na cha kuendeleza. Hukuniachia. Tulikaa hivyo, na chai iliyoletwa na jirani ilipoa mezani, mpaka mabega yangu yakaanza kutetemeka, nawe ukaniuliza kama ni yeye anayetetemeka au ni mimi. Nilisema ni mimi.

Wiki hii nilikwenda kwa Mkuu tena. Nilimwambia halmashauri ya mji wenu nayo ina kitengo cha kumbukumbu, nikamwomba anihamishie huko. Sikuandika mahali, nilisema tu. Amekubali, kuanzia mwezi ujao, na amesema Skrubu atanipa mashine moja ya akiba niondoke nayo.

Kwa hiyo nina swali, mama mdogo. Nimerudi kuzisoma barua zangu zote nilizokuandikia, ulisema kweli, hakuna hata moja. Hili ndilo la kwanza.

Nikija kuishi nawe, kile chumba cha cherehani, mlango wake unaweza kuachwa wazi kidogo?